Kisiwa cha Bolti

Sylvie alipoambiwa kwamba kuna jiko la kukodi kisiwani, huko Nechells, alizunguka kwenye mzunguko wa barabara mara tatu akitafuta mlango. Halikuwa kosa lake. Watu wa Birmingham wakisema kisiwa huwa wanamaanisha lile duara la nyasi katikati ya makutano ya barabara, na Sylvie, aliyekuwa na miaka tisa mjini humo tangu atoke Bukavu, alikuwa ameshalizoea neno. Mara ya tatu akaegesha gari kando, akapiga simu.

"Papa, mi niko kwa kisiwa. Naona majani tu na kibao cha tangazo."

"Hicho si kisiwa, mama," akajibu mzee upande wa pili. "Mimi niko na kisiwa cha ukweli. Maji pande zote nne. Rudi nyuma, pita ghala la matairi, halafu shuka mpaka uone bata."

Mzee huyo aliitwa Balbir Singh. Alikuwa na miaka sabini na sita, kilemba cha rangi ya bizari, na Kiswahili cha Kisumu, alikozaliwa na kukulia kabla ya kuja Uingereza akiwa kijana wa miaka ishirini. Alimpokea Sylvie kwenye daraja, na badala ya kumwonyesha jiko akamwonyesha maji.

"Hili ni handaki," akasema. "Limechimbwa kwa mikono. Udongo wote uliotoka humo wakaurundika hapa katikati, ndio huu tunaukanyaga. Kisiwa hiki hakikuumbwa na Mungu, mama. Kiliumbwa na hasira."

"Jiko iko na maji ya moto?"

"Mwaka elfu moja mia mbili sabini na tatu..."

"Papa. Maji ya moto."

"Iko, iko. Lakini si usikilize kwanza?"

Historia yenyewe, kama Balbir alivyoisimulia kwa kila aliyevuka daraja, wakiwemo msoma mita na mleta barua, ilikuwa hivi. Kabaila mmoja aitwaye Hamo aligombana na shemeji yake juu ya msitu wa kulishia nguruwe. Akaingiwa na hofu ya kuvamiwa. Akawachimbisha watu wake misimu miwili, akapata kisiwa, akajenga juu yake ngome yenye kuta nene kiasi cha ng'ombe kulala ndani yake kwa marefu. Shemeji akafa kwa ugonjwa wa tumbo kabla hajafika. Ngome ikabaki pale inamsubiri adui, na kwa muda wa miaka karibu mia nne hakuja mtu. Hatimaye, siku za vita vya mfalme na bunge, askari thelathini walifika ukingoni, wakakuta daraja limeinuliwa, wakatukana kidogo, mvua ikaanza kunyesha, wakaenda zao. Hivyo ndivyo vita pekee vilivyopata kupiganwa pale. Balbir alipofika hapo kila mara alisikitika kama shabiki ambaye timu yake haikupata hata kona.

Baadaye wazao wa Hamo waliishiwa, wakakiuza kisiwa kwa mfua visu aliyegundua kwamba maji ya handaki yanaweza kuzungusha gurudumu la kunolea. Vikatoka visu, yakaja mapanga ya askari, kisha vifungo vya makoti, kisha minyororo, na mwisho bolti. Mahali palipojengwa ili mtu yeyote asiingie, pakawekwa kengele ya saa moja asubuhi ya kuwaita watu mia mbili waingie upesi.

Balbir mwenyewe aliiitikia kengele hiyo kwa miaka ishirini na tisa. Kiwanda kilipofungwa na mashine kuchukuliwa, hakuna aliyekitaka kisiwa, kwa kuwa sheria ya majengo ya kale hairuhusu kupigilia hata msumari kwenye ukuta ule bila barua ya kibali. Balbir na kaka yake wakakinunua, wakagawa kiwanda vyumba vinne vya kukodisha. Kaka akafariki. Balbir akabaki na vyumba, bata na historia.

Sylvie alilichukua jiko, maana kweli lilikuwa na maji ya moto. Akawa anapika sambusa na mandazi ya harusi, ya misiba na ya maduka mawili. Kila Alhamisi asubuhi Balbir alikuja kunywa chai na kuanza upya na Hamo. Sylvie alimwacha afike kwenye vifungo vya makoti, kisha mafuta yakapata moto, naye akamtoa nje. Katika miaka miwili hawakuwahi kufika kwenye bolti. Sylvie hakuona hasara. Balbir naye, jambo la ajabu, hakuwahi kulalamika.

Sasa ikaja Jumamosi moja ya Septemba. Kulikuwa na harusi ya Wakongo kwenye ukumbi wa Castle Vale, na shangazi wa bwana harusi, Mama Immaculée, aliagiza sinia kumi na nne za sambusa. Immaculée aliongoza kwaya ya watu hamsini bila kipaza sauti. Alikuwa amesema sambusa ziwe ukumbini saa saba mchana, wageni wasikalishwe na njaa, na kwamba atakuja mwenyewe na gari saa tano kuzichukua, kwa sababu watu wa kupeleka mizigo hawaaminiki.

Sylvie alianza kukaanga alfajiri. Saa tatu na nusu akasikia mtu anagonga chini ya daraja kwa nyundo.

Balbir alikuwa ameandika barua sita kuomba daraja lake likaguliwe. Ya kwanza ilikuwa na umri wa miaka mitatu. Jibu lilikuja Jumamosi hiyo, limevaa koti la manjano na kofia ngumu. Aliitwa Tara, hakufika miaka thelathini, na alikuwa mtu wa kufuata kazi yake sawasawa. Aligonga nguzo moja baada ya nyingine, akatega sikio, akapiga picha, akapanda juu na kuandika kwa muda mrefu. Kisha akafunga utepe mwekundu na mweupe kwenye mdomo wa daraja, akatundika tangazo: DARAJA HILI LIMEFUNGWA. MTU YEYOTE ASILIVUKE. Akarudi nyuma hatua mbili kulitazama, kama mtu aliyetundika picha sebuleni na kutaka kujua kama imenyooka.

Ndipo alipogundua kwamba utepe uko kati yake na gari lake.

"Ah," akasema Tara.

Sylvie alitoka jikoni na mwiko mkononi. Balbir akaja nyuma yake. Tara akawaeleza kwa Kiingereza kwamba nguzo ya kati imepasuka, kwamba daraja linaweza kusimama miaka mingine kumi au kuanguka kabla ya chakula cha mchana, na kwamba mhandisi atakuja na vyuma vya kulishikilia saa tisa alasiri.

"Saa tisa!" Sylvie akamgeukia Balbir. "Papa, watu watakula saa saba. Haka katoto kanatufungia njia, mama yake anajua?"

Tara akajibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi zake, kwamba mama yake anajua, na kwamba bibi yake wa Nakuru, aliyemlea kwa Kiswahili, angependa sana kujua ni nani anamwita katoto.

Sylvie akashusha mwiko.

"Pardon, mama," akasema. "Unapenda sambusa ya nyama ao ya mboga?"

Tara alipenda ya mboga. Alikula tatu, akashukuru, na hakubadili neno hata moja kwenye tangazo. Sylvie alimwomba awaruhusu kuvuka mara moja tu, polepole, mmoja mmoja. Tara alikataa. Sylvie akamuuliza yeye mwenyewe atarudije nyumbani. Tara akasema atangoja saa tisa kama kila mtu, kwa kuwa hawezi kuvunja amri aliyoiandika dakika ishirini zilizopita, na uso wake ulionyesha kwamba amelitafakari jambo hilo na halimfurahishi.

Aliyefurahi alikuwa Balbir. Alipanda ngazi ya nje hadi juu ya kile kipande cha ukuta wa Hamo kilichobaki, akashika kiuno, akatazama ng'ambo.

"Tumezingirwa!" akasema. "Miaka mia saba na hamsini, leo ndiyo mara ya kwanza. Hakuna wa kuingia, hakuna wa kutoka!"

"Papa, shuka," akasema Sylvie.

Immaculée alifika saa tano na dakika arobaini, amechelewa kwa sababu alikuwa amezunguka kwenye mzunguko wa barabara. Aliteremka akiwa amevaa kitenge cha harusi cha rangi ya zambarau, kilemba kirefu juu ya kichwa, viatu vya kisigino. Akaona utepe. Akaona tangazo. Akamwona Sylvie ng'ambo ya maji, na bata wote waliokuwa kati yao wakaanza kuogelea kuelekea pembeni.

"Sylvie! Ni nini hii?"

"Daraja imefungwa, tantine!"

"Ifungue!"

"Si mimi nimeifunga!"

"Ni nani?"

Sylvie akageuka kumtafuta Tara. Tara alikuwa juu ukutani, amesimama nyuma ya Balbir, ambaye hakuwa mtu mpana.

Immaculée aliwasemea wote watatu kwa dakika kadhaa. Alisema habari za bwana harusi, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea kwa mikono yake mwenyewe tangu kambi ya wakimbizi. Alisema habari za wakwe, ambao ni watu wa kutazama meza kabla ya kumtazama bibi harusi. Alisema kama ni lazima ataita kwaya nzima ije na ngazi. Akaita kweli. Wakaja wanaume wawili wa sauti ya nne na ngazi ya kupakia rangi, wakailaza juu ya maji, nayo ikaishia katikati, ikazama taratibu.

Wakati huo saa ilikuwa sita na nusu. Sylvie akatazama handaki. Lilikuwa na upana wa kama mita nane, maji ya kijani kibichi, tulivu, hayaonyeshi chochote. Akavua viatu. Akakunja suruali mpaka magotini. Akajitwika sinia moja kichwani, akaenda moja kwa moja ukingoni pale mbele ya jiko.

"Mama, hapana!" Balbir alishuka ngazi mbiombio kuliko umri wake unavyoruhusu. "Hapo ni kina. Utapotea wewe na sambusa. Pitia kule. Pale chini ya dirisha dogo."

"Kule pia ni maji."

"Ni maji, lakini ni fupi. Hayafiki kiunoni."

"Umejuaje?"

Balbir akarekebisha kilemba kilichokuwa kimekaa vizuri.

"Papa Balbir. Mimi nina watoto watatu. Kama nitaingia ndani ya maji, uniambie umejuaje."

Mzee akatazama chini, kisha akamtazama Tara, aliyekuwa na kalamu mkononi, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa sababu mimi ndiye niliyepajaza."

Ndipo ilipotoka sehemu ya historia ambayo Sylvie hajawahi kuisikia. Msimamizi wa kiwanda cha bolti alikuwa na meza mlangoni. Kila bolti iliyokatwa vibaya iliwekwa juu ya meza hiyo na karatasi yenye jina la aliyeikata, na jioni watu mia mbili walipita mbele yake wakitoka. Balbir, siku zake za kwanza, alilikuta jina lake mezani siku nne mfululizo. Siku ya tano mtu mmoja aliyefanya naye kazi akamnong'oneza: choo kina dirisha. Tangu hapo bolti zake mbovu zilikwenda chooni mfukoni na kutoka dirishani. Si zake peke yake. Kila mtu alifanya hivyo, na waliokuwepo kabla yao walifanya hivyo, kwa miaka sitini. Waliochoka walizidondosha tu chini ya dirisha. Wenye nguvu walishindana nani atafikisha ng'ambo. Handaki likajaa kidogokidogo kutoka huku mpaka kule.

"Ngome ya Hamo hakuna jeshi lililoiweza," akasema Balbir, na macho yake yalikuwa mekundu. "Sisi ndio tumeiharibu, kwa siri, kutoka ndani. Miaka yote hii nawaambia watu habari za handaki, nami nilikuwa nalijaza takataka."

Sylvie alimtazama. Alitaka kucheka, lakini mzee alikuwa ameumia kweli, kwa hiyo akamshika bega.

"Papa, ni chuma tu," akasema. "Na leo itanisaidia. Nionyeshe."

Akamgeukia Tara. "Na wewe, mama? Utatukataza?"

Tara alilisogelea tangazo lake, akalisoma polepole kuanzia juu hadi chini. Lilisema daraja. Halikusema maji. Akalisoma tena. Kisha akavua viatu vyake vizito, akavifunga kamba pamoja na kuvitundika shingoni, akaenda jikoni na kurudi na sinia mbili.

Balbir aliingia chooni, akafungua dirisha, akatoa kichwa na kilemba. Kutoka hapo aliongoza msafara.

"Kushoto, mama! Kushoto kidogo! Hapo ni za inchi moja, zinashika vizuri. Sasa nyooka. Tara, beti, binti yangu, usifuate bata! Hapo mbele kuna za nusu inchi, zinateleza, kanyaga kwa vidole!"

Maji yalikuwa ya baridi ya kumkumbusha mtu dhambi zake. Chini yake chuma kilisagika na kulia kila Sylvie alipoweka mguu, lakini kilibeba. Maji yalimfika pajani, yakabaki hapo. Wanaume wa kwaya walinyoosha mikono kutoka ng'ambo, lakini ukingo wa upande wao ulikuwa mrefu na wenye utelezi, na mikono haikufika.

"Mtu ashuke!" Sylvie akapiga kelele.

Wanaume walitazama suti zao. Immaculée aliwatazama wanaume. Kisha akavua viatu vya kisigino, akamkabidhi mmoja wao kimoja na mwingine kimoja, akakusanya kitenge chake cha zambarau mpaka juu ya magoti, akaingia majini huku akianza wimbo wa kwaya kwa sauti iliyofungua madirisha ya ghala la matairi.

Wakasimama hivyo, Sylvie na Tara wakienda na kurudi, Immaculée katikati ya maji akipokea na kupitisha. Sinia ya kwanza mpaka ya kumi zilivuka kavu. Ya kumi na moja Tara alikanyaga za nusu inchi. Hakuanguka, lakini sinia iliinama, na sambusa hamsini zikamiminika majini na kuelea, za rangi ya dhahabu, zikisafiri taratibu. Bata waliokuwa wamejificha wakarudi wote kwa pamoja. Tara akasema neno la Kiswahili ambalo hakulipata kwa bibi yake.

"Wacha," akasema Immaculée. "Leo ni harusi. Kila mtu ale."

Ilipotimu saa saba kasoro dakika kumi, sinia ya mwisho iliingia garini. Immaculée, amelowa kiunoni kushuka chini, alitazama ng'ambo na kumwona Balbir bado dirishani.

"Na huyo mzee? Haji kula?"

"Mimi nalinda ngome!" Balbir akajibu.

"Ngome haiendi popote! Njoo!"

Akaja. Wanaume wa sauti ya nne, safari hii bila kuangalia suti zao, maana Immaculée alikuwa amesimama nyuma yao, waliingia majini na kumvusha mikononi kama bibi harusi, huku akiwaonyesha ni bolti gani wanakanyaga na zilitengenezewa nini.

Wakwe walitazama meza na kuridhika. Tara alicheza dansi mpaka jioni akiwa peku, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimedondoka majini kwenye safari ya sita na hakutaka kulisema mapema. Bwana harusi hakujua lolote. Aliuliza tu kwa nini shangazi yake ana magamba ya kijani kwenye miguu.

Jumatatu, Tara aliandika ripoti. Balbir alimsihi asitaje dirisha la choo. Tara akasema hawezi kuandika uongo, lakini anaweza kuwauliza wanaoelewa kama chuma kilichotupwa miaka hamsini au mia iliyopita ni takataka au ni kitu cha kale. Jibu lilikuja likiwa na miguu miwili: mwanamke mpole mwenye buti za mpira na kinasa sauti, aliyetaka kusikia kila kitu kuhusu wafanyakazi wa bolti, na hasa kuhusu choo. Alisema ngome za mahandaki zimejaa katika nchi ile, lakini daraja la bolti mbovu hajawahi kuliona. Balbir alimwambia amrudie Alhamisi, akaenda kumtafuta shahidi.

Shahidi alikuja kutoka Kings Heath kwa basi. Alikuwa Jatinder, mzaliwa wa Jinja, miaka sabini na nane, yule yule aliyemnong'oneza Balbir habari za dirisha zaidi ya nusu karne iliyopita. Daraja lilikuwa limeshashikiliwa kwa vyuma, wakavuka wote na kuketi jikoni kwa Sylvie. Mwanamke mpole akawasha kinasa sauti, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyewahi kufikisha bolti ng'ambo ya handaki.

"Mimi," akasema Balbir.

"Wewe?" akasema Jatinder. "Wewe hukuwahi kupita katikati. Mkono wako ulikuwa kama uzi."

"Mwaka sabini na nne, ile ya inchi mbili!"

"Ile nilirusha mimi! Wewe ulishika mlango!"

Wakainuka vitini. Kutoka Kiingereza wakaingia Kiswahili, na kutoka Kiswahili, joto lilipozidi, wakaingia Kipunjabi, wakaanza kuonyeshana kwa mikono namna ya kurusha. Mwanamke mpole alijaribu kuandika, akashindwa, akamgeukia Sylvie aliyekuwa anakunja sambusa, akamwomba amtafsirie.

"Mimi, madame," akasema Sylvie, "ni mutu wa Bukavu."

Akasogeza sahani mbali kidogo na mikono ya wazee, akaendelea kukunja.